Enantioma: maana ya neno, lilikotoka, na namna ya kuzitambua hatua kwa hatua

Neno enantioma kwa kawaida humfikia mwanafunzi likiwa limeongozana na kundi zima: isomeri, kairali, rasemi, R na S, D na L, alama ya kujumlisha na ya kutoa. Yote humiminwa kwenye kipindi kimoja au viwili, na matokeo yake kwenye karatasi ya mtihani unakuta sentensi kama "molekuli hii ni enantioma". Sentensi hiyo haijakamilika. Enantioma ya ipi? Molekuli ikisimama peke yake inaweza kuwa kairali, lakini haiwezi kuwa enantioma. Enantioma ni jina la uhusiano, na uhusiano unataka wawili. Ukilishika hilo mapema, mengine yote yatapata mahali pa kukaa.

Hatua ya 1: Shika maana kabla ya mifano

Enantioma ni molekuli mbili ambazo kila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, na ambazo hata ukizizungusha vipi haziwezi kulaliana zikalingana kila kona. Hayo ni masharti mawili na yote lazima yatimie. Kila molekuli ina taswira kwenye kioo, hata ya maji. Lakini ukiichukua taswira ya molekuli ya maji na kuilaza juu ya molekuli yenyewe, zinalingana kabisa, kwa hiyo ni kitu kilekile. Sharti la pili ndilo linalochuja.

Mfano ambao wanakemia wenyewe waliuchagua ni mikono. Weka mkono wa kulia mbele ya kioo. Unachokiona humo ni mkono wa kushoto. Sasa laza mkono wa kushoto juu ya wa kulia, viganja vyote vikitazama chini: vidole gumba vinaelekea pande tofauti. Geuza mmoja ili gumba zielekee upande mmoja, na sasa kiganja kimoja kinatazama juu na kingine chini. Huwezi kujinasua hapo kwa kuzungusha. Kitu chenye tabia hiyo huitwa kairali, na hali yenyewe huitwa ukairali. Mkono wa kulia ni kairali. Mkono wa kulia na wa kushoto, kwa pamoja, ni enantioma.

Hatua ya 2: Jua neno lilikotoka, maana historia yake inafundisha

Neno hili ni la Kigiriki na lina vipande viwili. *Enantios* ni kilicho kinyume, kinachoelekeana na kingine. *Meros* ni sehemu, na ndicho kipande kilichomo pia kwenye isomeri na polima. Wataalamu wa fuwele walikuwa na neno jirani, enantiomofu, ambalo mwisho wake, *morphe*, ni umbo. Vitabu vya zamani navyo vina "antipodi za mwanga". Ukikutana na majina hayo usihangaike, yanazungumzia jambo hilohilo.

Habari yenyewe ilianzia kwenye zabibu. Ndani ya mapipa ya mvinyo hujikusanya ukoko, na kwenye ukoko huo ndimo inamopatikana asidi tartari. Mnamo mwaka 1820 hivi, mwenye kiwanda aitwaye Kestner, huko Thann, Ufaransa, alipata asidi nyingine iliyofanana nayo lakini haikuwa yenyewe. Mwanakemia Gay-Lussac akaipa jina la rasemi, kutoka neno la Kilatini *racemus*, kishada cha zabibu. Mwanakemia mwingine, Berzelius, alipozipima aliona kwamba asidi hizo mbili zina elementi zilezile kwa uwiano uleule, ingawa tabia zake zinatofautiana, na mwaka 1830 akatunga neno isomeri ili jambo hilo lipate jina. Tayari asidi ya zabibu ilikuwa imeipa kemia maneno mawili.

Tofauti iliyowasumbua zaidi ilihusu mwanga. Mawimbi ya mwanga wa kawaida hutikisika kwenye bapa nyingi. Ukiupitisha kwenye kichujio maalumu hubaki mwanga unaotikisika kwenye bapa moja tu, yaani mwanga uliopolarishwa. Mwaka 1815 mwanafizikia Jean-Baptiste Biot aligundua kwamba baadhi ya vimiminika na miyeyusho huizungusha bapa hiyo. Asidi tartari iliizungusha kuelekea kulia. Asidi rasemi haikuizungusha hata kidogo.

Mwaka 1848, mjini Paris, Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, alitengeneza chumvi ya sodiamu na amonia ya asidi rasemi, akaiacha ijenge fuwele, kisha akazikagua moja moja. Kila fuwele ilikuwa na vijisura vidogo upande mmoja tu wa ncha. Kwenye baadhi vilikaa kulia, kwenye nyingine kushoto, na fuwele za aina mbili zilikuwa kama kitu na taswira yake. Akazitenga kwa mkono, rundo huku na rundo kule. Alipoyeyusha rundo la kwanza, mwanga ulizunguka kulia. La pili likauzungusha kushoto kwa kiasi kilekile. Alipochanganya yote mawili kwa uzani sawa, mzunguko ukatoweka. Hiyo ndiyo rasemi: enantioma mbili nusu kwa nusu, moja ikifuta kazi ya mwenzake.

Biot, aliyekuwa na miaka zaidi ya 70, hakukubali kwa maneno. Alimwita Pasteur arudie jaribio mbele yake, akitumia asidi ambayo yeye Biot ndiye aliyeitoa. Alipoona mwanga umezunguka, alimwambia kijana huyo kwamba ameipenda sayansi sana maisha yake yote, na kwamba jambo hili linaudundisha moyo wake. Kwangu hii ni moja ya nyakati nzuri kuliko zote katika kemia, na bahati ilichangia pia. Chumvi hiyo hujitenga katika fuwele za aina mbili pale tu inapokua kwenye ubaridi wa chini ya takriban nyuzi 27 za Selsiasi. Juu ya hapo, enantioma zote mbili huingia ndani ya fuwele moja na hakuna cha kutenga.

Kwa nini molekuli ziwe na mikono? Jibu lilikuja mwaka 1874, Jacobus van 't Hoff na Joseph Le Bel wakilifikia kila mmoja kivyake: bondi nne za kaboni haziko bapa kama msalaba kwenye karatasi, bali huelekea kwenye pembe nne za tetrahedroni, umbo lenye nyuso nne za pembetatu. Kaboni ikibeba vikundi vinne tofauti, kuna namna mbili za kuvipanga, na moja ni taswira ya nyingine. Neno kairali likaja mwishoni: Lord Kelvin alilitumia kwenye mhadhara wake Oxford mwaka 1893, akilitoa kwenye *cheir*, mkono kwa Kigiriki. Ndiyo maana neno rasemi limebeba zabibu ndani yake na neno kairali limebeba mkono.

Hatua ya 3: Pima kama molekuli ni kairali

Tafuta kwanza kaboni yenye vikundi vinne tofauti. Pitia kaboni moja baada ya nyingine na uziondoe zisizofaa: yenye bondi maradufu haifai, yenye hidrojeni mbili au tatu haifai. Inayobaki, angalia vikundi vyake kwa urefu wote, usiishie kwenye atomi ya kwanza tu. Kwenye butan-2-oli, kaboni ya pili ina hidrojeni, OH, CH3 na CH2CH3. Anayetazama atomi za kwanza tu ataona kaboni mbili na kusema zinafanana, kumbe moja ni methili na nyingine ni ethili. Hiyo ni kairali. Propan-2-oli ina methili mbili kwenye kaboni hiyo, kwa hiyo si kairali. Kati ya asidi amino 20 za kawaida zinazojenga protini, 19 ni kairali. Glaisini peke yake ndiyo iliyobaki nje, kwa kuwa kaboni yake ya kati ina hidrojeni mbili.

Ukipata kaboni moja tu ya namna hiyo, umemaliza: molekuli ni kairali. Ukipata mbili au zaidi, usiharakishe. Tafuta bapa la ulinganifu, yaani uso bapa wa kufikirika unaoweza kuikata molekuli ili nusu moja iwe taswira ya nyingine. Asidi tartari ina kaboni mbili kama hizo, na vikundi vya kila moja ni vilevile. Kwa hesabu ya haraka ungetarajia maumbo manne, maana kila kituo, yaani kila kaboni kama hiyo, kina njia mbili. Ukweli ni kwamba yapo matatu: enantioma mbili, na umbo la tatu ambalo kituo cha juu kinakifuta cha chini. Hili huitwa umbo la meso. Lina vituo viwili vya ukairali na lenyewe si kairali. Maswali ya mitihani hupenda sana kujificha hapo.

Kuna pia molekuli kairali zisizo na kaboni ya namna hiyo hata moja, kama vile alini fulani (zenye kaboni tatu mfululizo zilizoungana kwa bondi maradufu) na molekuli zilizosokotwa mithili ya parafujo. Ukikwama, rudi kwenye kipimo cha asili: tengeneza modeli ya molekuli na ya taswira yake, kisha ujaribu kuzilaza. Kanuni ya vikundi vinne ni njia ya mkato tu. Kulaliana ndiko kunakoamua.

Hatua ya 4: Ipe kila enantioma jina lake, R au S

Ukishajua kwamba ziko mbili, unahitaji kusema ni ipi iko mkononi. Kanuni inayotumika leo ilitungwa na Cahn, Ingold na Prelog. Tuifanyie kazi kwenye asidi laktiki, ambayo kaboni yake ya kati ina OH, COOH, CH3 na H.

Panga vikundi kwa daraja. Linganisha namba atomia ya atomi iliyoshikana moja kwa moja na kituo: oksijeni ni 8, kaboni ni 6, hidrojeni ni 1. OH inachukua daraja la kwanza, H ya mwisho. Kaboni mbili zilizobaki zimefungana, basi songa hatua moja mbele. Kaboni ya COOH imeshikana na oksijeni, na bondi maradufu huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo ina O, O, O. Kaboni ya CH3 ina H, H, H. COOH inashinda. Mpangilio ni OH, COOH, CH3, H.

Kisha itazame molekuli ukiwa umeielekeza H mbali nawe. Tembeza kidole kutoka OH kwenda COOH kwenda CH3. Kidole kikifuata mwendo wa mishale ya saa, ni R. Kikienda kinyume chake, ni S. Herufi hizo ni za Kilatini, *rectus* na *sinister*, na zimetokea kuwa pia herufi za mwanzo za majina ya Robert Sidney Cahn mwenyewe.

Mchoro ukikuonyesha H inayokuelekea wewe, usijilazimishe kuizungusha molekuli kichwani. Soma mzunguko kama ulivyo, halafu geuza jibu. H ikiwa kwenye karatasi, si mbele wala nyuma, ibadilishane nafasi na kikundi kilicho nyuma, soma, kisha geuza jibu. Kubadilisha vikundi viwili mara moja hugeuza R kuwa S. Kubadilisha mara mbili hukurudisha ulikoanzia. Kanuni hii ndogo huokoa muda kuliko nyingine yoyote ninayoijua kwenye mada hii.

Na enantioma ya mwenzake? Geuza kila kituo. Enantioma ya (R,R) ni (S,S). Ukigeuza kimoja ukaacha kingine, (R,R) na (R,S), hizo si enantioma tena. Ni diastereoma, na tabia zake za kawaida, kuanzia kuyeyuka hadi kuchemka, zinaweza kuachana kabisa.

Hatua ya 5: Usichanganye lebo tatu

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

R na S zinaeleza mpangilio wa vikundi, na unaupata kwa kuchora. Alama za (+) na (−) zinaeleza upande ambao mwanga unazunguka, kulia au kushoto, na unazipata kwa kupima tu. D na L kubwa ni mfumo wa zamani zaidi unaolinganisha molekuli na gliseraldehaidi, sukari ndogo iliyo kairali, na bado unatawala kwenye sukari na asidi amino. Hakuna lebo unayoweza kuitoa moja kwa moja kwenye nyingine.

Ushahidi uko kwenye asidi laktiki hiyohiyo. Ile inayotengenezwa na misuli ni L, ni S, na ni (+). Ibadilishe iwe chumvi ya sodiamu bila kugusa hata bondi moja ya kaboni ya kati: bado ni L, bado ni S, lakini sasa mwanga unazunguka kushoto. Asidi amino nazo: L-alanini ni S, L-sisteini ni R. Mpangilio wake angani ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sisteini ina salfa, yenye namba atomia 16, na salfa hiyo inakipandisha daraja kikundi chake juu ya COOH.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama michoro yetu inaonyesha enantioma sahihi au mwenzake. Emil Fischer, alipokuwa akipanga sukari mwaka 1891, alilazimika kuchagua upande mmoja kwa kubahatisha. Mwaka 1951 Bijvoet na wenzake walitumia eksirei kwenye chumvi ya asidi tartari, kwa mara nyingine asidi ileile, na ikaonekana Fischer alibahatisha vizuri. Angekosea, michoro yote ya miaka 60 ingebidi kugeuzwa.

Hatua ya 6: Pima kwa polarimeta

Enantioma zina kiwango kimoja cha kuyeyuka, kiwango kimoja cha kuchemka, densiti moja na umumunyifu mmoja kwenye maji. Rasemi inaweza kutofautiana nazo: asidi tartari safi huyeyuka kwenye takriban nyuzi 170, asidi rasemi kwenye takriban 206. Lakini kutenganisha kulia na kushoto kunahitaji kitu chenye mkono, na mwanga uliopolarishwa ndio wepesi kuupata maabara.

Yeyusha sampuli, jaza mrija wa polarimeta, chombo cha kupima mzunguko huo wa mwanga, bila kuacha povu la hewa, na usome pembe kwa mwanga wa sodiamu wa nanomita 589. Gawanya pembe hiyo kwa urefu wa mrija katika desimita, kisha kwa gramu zilizomo katika kila mililita. Jibu ni mzunguko mahususi. Kwa sukrosi ni takriban +66.5, kwa hiyo myeyusho wa gramu 0.10 kwa mililita kwenye mrija wa desimita 1 utakupa +6.65.

Chombo hakijui tofauti kati ya +10 na −170, maana bapa inaishia palepale. Punguza mkolezo uwe nusu na usome tena. Ukipata +5, mzunguko wa kwanza ulikuwa +10 kweli. Ukipata −85, ulikuwa −170.

Kipimo hikihiki kinakuambia usafi. Ikiwa sampuli inazungusha nusu tu ya kile ambacho enantioma safi ingezungusha, ziada ya enantioma ni asilimia 50. Hapo wengi husema nusu ya sampuli ni enantioma moja na nusu ni nyingine. Hapana: asilimia 50 ni rasemi, ambayo nusu yake, yaani 25, ni ya upande uleule wenye ziada. Mgawanyo ni 75 kwa 25.

Hatua ya 7: Fuata enantioma hadi mwilini

Vimeng'enya na vipokezi vimejengwa kwa asidi amino za L, kwa hiyo navyo ni kairali, na vinazipokea enantioma mbili kwa namna tofauti. Pua inathibitisha: R-karvoni inanukia minti, S-karvoni inanukia kisibiti. Elementi ni zilezile na bondi ni zilezile.

Kwenye dawa, tazama mwanzo wa jina. Levofloxacin ni enantioma moja kutoka kwenye ofloxacin, ambayo ni rasemi. Esomeprazole ni umbo la S la omeprazole, na kituo chake cha ukairali ni salfa, wala si kaboni. Dextromethorphan hutuliza kikohozi. Enantioma yake, levomethorphan, ni opioidi kali, yaani dawa ya jamii ya afyuni. Ethambutol ya kutibu kifua kikuu hutolewa kama (S,S).

Thalidomide ndiyo hutajwa kila mara, na mara nyingi hutajwa kwa makosa. Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na ikaondolewa mwaka 1961; kwa jumla, watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na ulemavu. Simulizi iliyoenea inasema enantioma moja ilituliza na nyingine ikadhuru, hivyo kuuza moja tu kungewaokoa watoto hao. Kusingewaokoa. Ndani ya mwili, R na S za thalidomide hugeukiana kwa muda wa saa chache. Mgonjwa aliyemeza moja safi anaishia kuwa na zote mbili.

Kwa hiyo, ukishajua ni enantioma ipi inayofanya kazi, uliza pia kama inabaki kuwa yenyewe. Ibuprofen huuzwa zaidi kama rasemi, S ndiyo yenye kazi, na mwili hugeuza sehemu ya R kuwa S. Huko mgeuko unamsaidia mgonjwa. Mwaka 1992 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo unaowataka watengenezaji wa dawa mpya kairali wawe na njia ya kupima kila enantioma peke yake, tangu mapema, na wafuatilie kinachoipata ndani ya mwili.